Nyumba Nyuma ya Tangi

Siku hizi Mama Rangi alipaka ukuta mpaka pale mkono wake ulipofika, basi. Juu ya hapo kulitaka ngazi, na ngazi inataka miguu miwili mizima. Asubuhi hiyo alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa ndani ya duka jipya la viatu, anapiga msasa sehemu ya chini ya ukuta, mguu wa kulia ameunyoosha mbele kama kitu kilichoanikwa. Mwenye duka alikuwa akipita nyuma yake na kuguna. Hakumwambia neno baya. Aliguna tu, kama mtu aliyenunua shati, akafika nalo nyumbani akakuta lina mkono mmoja.

Zamani watu walimgombea. Mwanzoni mwanamke juu ya ngazi alikuwa kichekesho. Mafundi wanaume walisimama chini wakitaniana kwamba wanangoja kumdaka. Miaka ikapita, wakawa wanamwita wao wenyewe kwenye kazi ngumu, zile kona za dari ambako brashi ikiteleza kidogo nyumba nzima inaonekana imepakwa na mlevi. Jina lake la kuzaliwa likasahauliwa. Akawa Mama Rangi kwa kila mtu, hata kwa mwanawe alipotaka kumtania.

Ndiyo maana doa jeusi lilipotokea chini ya unyayo, pembeni mwa kisigino, hakulitilia maanani. Alidhani ni rangi ya mafuta. Katika kazi ile nani hana rangi mwilini? Akalisugua kwa thina ya kuyeyushia rangi, halikutoka. Akalisugua kwa jiwe, likatoka damu. Akaliacha kama watu wenye kazi nyingi wanavyoacha mambo ya miili yao, mpaka likatanuka, likawa kidonda kisichofunga, na mtoki ukamvimba kinenani, mgumu kama kokwa.

Daktari wa ngozi wa hospitali kuu alikuwa mtu wa maneno laini. Alimkata kipande kidogo cha nyama, kikapelekwa kupimwa, majibu yakarudi: saratani ya ngozi, aina inayoitwa melanoma. Mama Rangi alikuwa akiamini saratani ya ngozi ni ya watu weupe wanaobabuliwa na jua. Daktari akamwambia hapana, watu weusi nao huipata, na kwao hupenda kujificha viganjani, nyayoni na chini ya kucha, mahali ambapo mtu hatazami. Hilo lilikuwa kweli, na Mama Rangi alimshukuru. Kisha akamwambia ugonjwa umeshapanda kwenye mtoki, kukata mguu peke yake hakutoshi, zinatakiwa sindano, na sindano zimekwisha kwenye stoo ya hospitali. Lakini ng'ambo ya barabara, kwenye kliniki yake binafsi, zipo.

Ngazi zikauzwa. Mbao za jukwaa zikauzwa, na ile mashine ya kupulizia rangi ambayo mafundi wenzake walikuwa wakija kuiazima kwa kubembeleza. Kila alipotundikiwa dripu ya dawa hizo alitapika mpaka nyongo, na mtoki haukupungua hata kidogo. Mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee, alimsindikiza siku moja, akamuuliza daktari kama hakuna tafiti za dawa mpya ambazo mgonjwa anaweza kujiunga nazo. Daktari alitabasamu. Alimwambia hayo ni mambo ya ng'ambo ya bahari, huko kwenye mashine kubwa. Hapa, mwanangu, tutumie tulichonacho.

Mkwe hakuridhika. Alikuwa binti mbishi, na ubishi wake wote ulikuwa ndani ya simu. Mama Rangi alikuwa ameipigia kelele simu ile tangu binti aingie nyumbani: chakula kinaungua, yeye yuko na simu, mtoto analia, yeye yuko na simu, iko siku utaizaa simu hiyo. Sasa mkwe alikuwa ameacha kujibu. Kila vyombo vilipokwisha kuoshwa alijikunyata pembeni ya kitanda na kuzisoma orodha ambazo watafiti wa dawa huziweka wazi ili dunia nzima izione, kwa lugha ya kigeni aliyoisoma shuleni na kuisahau nusu, akipekua neno moja moja.

Asubuhi hiyo ndipo alipoingia kwenye lile duka la viatu, jasho linamtiririka, simu ameishika kwa mikono miwili.

"Mama, weka msasa chini kidogo."

"Mtoto ana nini?"

"Mtoto mzima. Nimeupata. Utafiti wa dawa, wa ugonjwa wako huo huo. Na wala hauko ng'ambo, Mama. Uko hospitali yetu ile ile."

Mama Rangi alimtazama, akaitazama simu. Akauliza kama simu haiwezi kudanganya. Mkwe akamwonyesha jina la hospitali, akamsomea: wanatafutwa watu wazima wenye melanoma iliyokwisha kusambaa, hata ile ya nyayoni na chini ya kucha, na nafasi bado zipo. Mama Rangi alisimama kwa kushika ukuta aliokuwa akiusugua. Alimwambia mwenye duka kwamba anatoka mara moja. Mwenye duka akaguna, na safari hii Mama Rangi akamgunia vilevile.

Hospitalini mlinzi wa lango aliwauliza karatasi ya miadi. Mkwe alimweleza habari ya utafiti, akaonyesha simu. Mlinzi aliitazama simu kwa mbali, kama mtu anayeonyeshwa nyoka, akasema yeye hasomi simu, anasoma karatasi. Wakaingia walipomwambia wanaenda maabara kuchukua majibu, uongo ambao aliujua ni uongo, lakini ulikuwa uongo wa kawaida.

Kwenye mapokezi walielekezwa ofisi ya mafunzo. Ofisi ya mafunzo ilikuwa na kikao. Waliambiwa wangoje, wakangoja, na kikao kilipotoka kikawapita mlangoni kikicheka, kila mtu na chupa yake ya maji. Aliyebaki kufunga mlango aliwatuma kwa katibu wa hospitali. Kwa katibu walikuta kijana amevaa tai, akawauliza nani kawatuma. Hilo ndilo lilikuwa swali la siku nzima: nani kawatuma. Mkwe akajibu kwamba hakuna, wamejituma. Kijana wa tai akasema haiwezekani mtu kujituma, lazima awe ametumwa na daktari wake, na mambo ya utafiti si ya kila mtu kuyaulizia.

"Hebu niambie mwanangu," Mama Rangi alimwambia, "ugonjwa ukinituma haitoshi?"

Kijana aliinamia kompyuta yake, na hakuinua tena uso mpaka walipotoka.

Wakapigwa danadana hivyo mpaka jua likawa utosini. Mguu ulikuwa umevimba ndani ya kiatu, na Mama Rangi alikuwa akitembea kwa kushika kuta, akiziacha moja baada ya nyingine. Aliyewasaidia mwishoni hakuwa na ofisi. Alikuwa mfuaji wa mashuka, aliyekuwa akianika kamba tatu za nguo nyuma ya wodi ya wazazi. Mkwe alimuuliza bila matumaini, kwa kuwa alikuwa ameshamuuliza kila mtu mwingine.

Mfuaji akauliza kama wanawataka wale wenye majokofu ya kufungwa kwa kufuli. Wapo, alisema, nyuma ya tangi la maji. Nyumba yao nzuri, ila wapweke, hakuna anayewatembelea.

Tangi lenyewe lilikuwa pale pale mbele ya kliniki ya ngozi. Mama Rangi alikuwa amelitazama kila siku ya kliniki kwa miezi, akiwa kwenye benchi, akihesabu kutu zake kwa kukosa la kufanya. Walilizunguka. Nyuma yake palikuwa na nyumba ndogo nyeupe, mlango wa kioo, hakuna kibao wala karatasi ya kusema ni ya nani.

"Rangi wameipaka juu ya unyevu," Mama Rangi alisema. "Mwakani inabanduka yote." Na mkwe alicheka, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, kwa sababu kama mama anawasuta mafundi basi bado yupo.

Ndani palikuwa baridi na safi. Mizani, kitanda cha kupimia, majokofu yanayonguruma taratibu, safu ya viti ambavyo nailoni yake ilikuwa haijatolewa. Muuguzi wa utafiti alikuwa peke yake mezani. Aliposikia walichofuata aliinuka kwa haraka hata kiti kikaanguka. Aliwakaribisha kama wageni waliongojwa tangu jana. Akamkalisha Mama Rangi, akamvua kiatu mwenyewe, akakitazama kidonda bila kukunja uso, akaupapasa mtoki. Mkwe alimuuliza kama nafasi zipo.

"Nafasi?" alisema muuguzi. "Dada yangu, nafasi zimejaa tele. Watu ndio hakuna."

Kisha akawaeleza, taratibu, kwa maneno ambayo mtu anaweza kwenda nayo nyumbani. Dawa yenyewe haiiui saratani moja kwa moja. Inauamsha mwili uitambue na kupigana nayo. Haimfai kila mtu. Wengine huwaletea madhara, na ndiyo maana watachunguzwa kila mara, bila malipo. Mama Rangi aliuliza kama yeye atakuwa panya wao wa majaribio. Muuguzi hakukasirika. Alisema panya haulizwi kama anakubali, wala hawezi kuamka siku moja akasema basi nimechoka, naondoka. Yeye ataulizwa, na anaweza kuondoka siku yoyote. Mama Rangi akauliza tena: dawa ikimfaa, halafu utafiti ukaisha, watamwachia njiani? Muuguzi akasema kwa anayefaidika wameahidi kuendelea kumpa, na kama wangekataa kuahidi hilo yeye asingeketi kwenye kiti hicho.

Mama Rangi aliegemea nyuma. Mkwe aliona mabega yake yakishuka, mabega ambayo yalikuwa juu tangu siku ya majibu. Mama alianza kuuliza mambo madogo: kama anaweza kufanya kazi akiwa kwenye dawa, kama harufu ya rangi itadhuru. Alikuwa tayari amejiona juu ya ngazi.

Muuguzi alivuta karatasi zake na kuanza maswali ya kawaida. Umri. Magonjwa mengine. Kisukari, presha, kifua kikuu. Halafu akauliza kama ameshapewa dawa yoyote ya saratani kupitia mshipa.

"Ndiyo," alisema Mama Rangi, na alilisema kwa fahari, kama mwanafunzi anayeonyesha kwamba hajawahi kukosa shule. "Dripu zote nilizoandikiwa na daktari. Sikukosa hata moja."

Muuguzi aliweka kalamu chini.

Aliuliza dripu za dawa gani. Mkwe alikuwa na lebo za chupa kwenye picha za simu, akamwonyesha. Muuguzi alizitazama picha muda mrefu kuliko ilivyohitajika kuzisoma. Akatoka nje na simu yake, na kupitia kioo walimwona akizungumza, akitembea huku na huku, mkono mmoja kichwani. Aliongea, akanyamaza, akaongea tena kwa nguvu zaidi, akanyamaza. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

Masharti ya utafiti huu, aliwaambia, ni kwa wagonjwa ambao hawajapewa dawa nyingine ya mishipani tangu ugonjwa usambae. Aliyekwisha kupewa hachukuliwi. Ameomba, ameeleza, ameambiwa hakuna ruhusa. Masharti yameandikwa na wenye dawa, na hata wakubwa wake hapa hawawezi kuyafuta. Uko utafiti mwingine, kwa watu waliokwisha kupewa dripu kama yeye, lakini uko nchi nyingine. Atawatumia jina la utafiti huo. Hawezi kumwahidi kitu.

Mkwe ndiye aliyepandwa na hasira. Aliuliza kwa nini basi hawakuweka kibao. Kwa nini hakuna hata karatasi kwenye benchi la kliniki, hatua chache kutoka hapa, ambako watu wanakaa kutwa nzima na madoa yao. Mama yake amekaa pale miezi, tangu kabla ya dripu ya kwanza. Angeweza kurusha jiwe likagonga mlango huu.

Muuguzi alijibu kwa sauti ndogo kwamba kibao wamekiomba, wakaambiwa si utaratibu. Utaratibu ni wagonjwa kuletwa na kliniki.

"Na kliniki ni nani?" aliuliza Mama Rangi.

Muuguzi alitazama mlango. Kisha akaonekana kuamua jambo.

"Kliniki ni daktari wako, mama. Naye ni mmoja wa wakuu wa utafiti huu. Jina lake limo kwenye karatasi hizi. Alikuwepo siku tulipofungua nyumba hii, akakata utepe. Kila mwezi namkumbusha atuletee watu. Hajaleta hata mmoja."

Kila mtu aliyepita barabara ile alikuwa amewaona wagonjwa wa kliniki yake ya ng'ambo ya barabara wakitoka mlangoni wamefunikwa midomo kwa leso, wakitafuta pa kutapikia.

Mama Rangi aliomba maji. Aliyanywa yote. Alivaa kiatu kwa shida, akamshukuru muuguzi, akamwambia kosa si lake, na akatoka. Mkwe alidhani wanakwenda nyumbani. Lakini mama alilizunguka tangi na kukata moja kwa moja kuelekea kliniki ya ngozi, akichechemea haraka kuliko alivyotembea siku nzima.

Alitaka kuingia kwa daktari. Mhudumu wa mlangoni, mwenye koti jeupe lililokosewa vifungo, alimwambia apange foleni kama wengine. Akapanga foleni. Benchi lilikuwa limejaa, wakasogeana wakampa nafasi, kwa maana wagonjwa husogeana hata pasipo nafasi. Kando yake aliketi mwanamke wa makamo, msusi, mkono wa kushoto ameufunga kitambaa. Walisalimiana. Msusi alisema alikuwa na mstari mweusi chini ya ukucha wa dole gumba, akidhani ni dawa ya nywele imeganda. Mama Rangi alifumba macho. Msusi akaendelea kueleza kwamba majibu yameshatoka, na ugonjwa umekwenda mbali, mpaka kwapani. Na leo ameitwa kuambiwa habari za sindano. Amesikia ziko ng'ambo ya barabara. Ndugu zake wanauza kiwanja cha marehemu baba yao.

Mama Rangi alisimama. Alishika ukuta kwanza, akapata mizani.

"Jamani, samahanini," alisema. "Mimi si daktari, ni fundi rangi. Nina melanoma kwenye unyayo. Nyuma ya tangi lile kuna nyumba wanajaribu dawa mpya ya ugonjwa huu, bure, na nafasi wanazo. Lakini ukishatundikiwa dripu za huko ng'ambo ya barabara, hawakupokei tena. Mimi leo hawakunipokea. Kaulizeni kwanza. Wakikukataa, au ukiwakataa, dripu hazikimbii, utazikuta."

Mhudumu alimwambia aache fujo. Alimjibu kwamba hajapiga kelele, amesema tu. Na kweli hakuwa amepaza sauti. Alikuwa ameongea kama anavyomweleza mwenye nyumba kwamba ukuta wake una ufa. Lakini benchi zima lilikuwa limeinamisha vichwa. Watu walitazama vidole vyao, bandeji zao, sakafu. Mzee mmoja mwenye kofia alisema polepole, bila kumtazama, kwamba yeye anamsadiki, ila daktari akikasirika watakwenda kwa nani? Daktari wa ngozi ni huyo huyo mmoja. Hapo Mama Rangi alielewa kwamba daktari huyu hakuwa ameshika dawa zao tu. Alikuwa ameshika na ndimi zao.

Kengele ikalia ndani. Aliyekuwa na zamu, mwanamume mwenye bandeji shavuni, aliinuka, akasita, akaingia kwa daktari.

Msusi alikuwa bado amekaa. Alikuwa akilitazama tangi.

"Ni mbali?" aliuliza.

"Kwa mguu huu wangu mbovu nimekwenda na kurudi," alisema Mama Rangi.

Wakaondoka watatu, yeye, msusi na mkwe. Walipofika nusu ya njia mkwe aligeuka akaona kijana mmoja aliyekuwa kwenye benchi akija nyuma yao, mbali kidogo, akitazama kando kando kama mtu anayetafuta choo. Hakumwita. Walipofika alimwachia mlango wazi.

Muuguzi aliwachukua wote wawili, msusi na kijana. Mama Rangi alibaki nje. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, kivulini, na mkwe akakaa chini yake, simu mfukoni. Kupitia kioo walisikia sauti ya msusi ikijibu maswali: umri, kisukari hapana, presha kidogo. Mama Rangi hakutaka kusikiliza zaidi. Alilia kidogo, bila kujificha, na mkwe alimshika mguu mzima kwa kuwa ndio uliokuwa karibu. Alisema ule utafiti wa nchi nyingine ataanza nao leo leo. Atautafuta mpaka ajue hata muuguzi wao anaitwa nani. Mama Rangi alimwambia atafute, na mchuzi ukiungua leo hatasema neno.

Hapo ndipo mhudumu wa mlangoni alipotokea upande wa pili wa tangi, anahema. Alisema daktari ameambiwa yote, na anamwita. Sasa hivi. Alisema kuwapotosha wagonjwa ni kosa kubwa. Alisema, na hapa alishusha macho kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, kwamba daktari amesema asipokwenda sasa, asikanyage tena kliniki yake.

Mkwe alianza kuinuka. Mama Rangi alimkalisha kwa mkono begani. Akainama, akalegeza kamba za kiatu, akakivua, akauweka mguu wa kulia juu ya sakafu ya baridi ya kizingiti, bandeji ikiwa imelowa.

"Mwambie mguu unaniuma, siwezi kwenda," alisema. "Kama ana neno na mimi, aje hapa."

Mhudumu aliuliza amwambie ni hapa wapi.

"Usimwelekeze," alisema Mama Rangi. "Njia anaijua."